"NIMEJIFUNZA KU KAZI"



Mwezi huu ninataka tuzungumuze juu ya neno moja ambalo tunalisikia kila siku katika vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, na zaidi tena kule kwenye machimbo. Neno lenyewe ni hili: "Miye nilijifunza ku kazi." Linasemwa na mama anayefua mashuka ya wagonjwa na kuwageuza kitandani tangu miaka 15. Linasemwa vilevile na kijana anayetembea na begi la dawa kutoka shimo moja la dhahabu mpaka lingine. Wote wawili wanasema kweli. Lakini siku mtoto wako anaungua na homa usiku, utaona kwamba hawa wawili si sawa hata kidogo.

Mimi ni muuguzi. Nilimaliza ITM na diploma ya A2, nikafanya kazi katika vituo vya pande za Kasongo, kisha upande wa Kabambare, karibu na machimbo. Siku hizi kazi yangu moja ni kupokea vijana wanaokuja kufanya staji. Basi watu wa namna zote mbili nimewaona kwa karibu, na ninataka wazazi na vijana tufikiri pamoja: kazi inafundisha mtu wakati gani, na wakati gani inamdanganya tu?

MAMA ANAYEJUA KWA MACHO

Katika kituo kimoja tulikuwa na mama msaidizi, mmoja wa wale tunaowaita kwa Kifaransa "fille de salle". Aliingia kazini alipofiwa na mume, akapewa ufagio na ndoo. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya serikali. Mwisho wa mwezi alipata kasehemu kadogo ka makuta yaliyolipwa na wagonjwa, na miezi mingine alipata sabuni tu.

Lakini mama huyu alikuwa na macho. Mzalishaji wa zamani wa kituo kile alikuwa na desturi nzuri: kila mara alimwita karibu na kumwambia, "Angalia hapa, gusa hapa, uniambie unasikia nini." Miaka ikapita. Mzalishaji akastaafu, mama akabaki na elimu ile mikononi.

Usiku mmoja mwanamke alikuwa amezaa vizuri, mtoto analia, kila mtu amefurahi. Mwanafunzi wa staji aliandika katika rejista kwamba mama na mtoto ni wazima. Msaidizi wetu alipokuja kubadilisha kitambaa, alikitazama, akaweka mkono juu ya tumbo la mzazi, akanijia mbio. Aliniambia: "Munganga, kuya uone. Damu inapita kipimo, na tumbo halikaze, iko laini tu."

Wanaojua kazi ya uzazi wanaelewa maneno hayo. Mtoto na kondo vikishatoka, nyumba ya mtoto inapaswa kujikaza iwe ngumu kama ngumi, ndipo mishipa inafungwa. Ikibaki laini, damu inakwenda kama maji ya mtungi uliopasuka. Ikipita nusu litre, ni hatari, na mwanamke anaweza kufa mbele ya saa mbili kupita. Tulisugua tumbo, tukatoa sindano ya kukaza nyumba ya mtoto, tukaweka mtoto kwenye ziwa. Mwanamke yule alipona. Kama tungengoja mpaka asubuhi, tungemkuta amekwisha kufa.

Sasa sikieni mwisho wa habari. Baada ya muda kituo kikapata mkubwa mwingine. Alitazama makaratasi, akasema wasio na diploma wapunguzwe. Mama yetu hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha alichojua. Akachukua ndala zake, akarudi shambani. Macho yale ya miaka 15 yanapalilia muhogo.

KIJANA WA BEGI

Upande wa pili, sikilizeni habari ya kijana wa machimbo. Sitaji jina wala shimo, juu wako wengi. Alisaidia miezi michache katika duka la dawa, akaona namna wanavyovunja chupa na kuvuta dawa katika bomba la sindano. Kisha akanunua begi, akapanda machimboni. Kule wanamwita "docteur".

Tusimchukie haraka. Kituo cha afya kiko mbali, njia ni mbaya, mchimbaji ana homa na hataki kupoteza siku ya kazi. Begi linakuja mpaka mlangoni, tena kwa deni. Nani atakataa?

Siku moja mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka 3 aliyekuwa anavuta mguu. Mbele ya homa alikimbia vizuri. Alichomwa sindano ya kinini katika tako, homa ikaisha, lakini mguu ukalala. Katika tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaotumikisha mguu wote. Sindano ikichomwa pasipo mahali pake, dawa inaugusa mshipa ule, na kinini chenyewe ni kikali, kinaunguza nyama. Watoto wengi wa Afrika wamekuwa vilema kwa njia hiyo. Mtoto mdogo, kama ni lazima achomwe sindano ya nyama, anachomwa kwenye paja, upande wa nje. Na kwa malaria ya hatari, siku hizi dawa inayotangulia ni artesunate. Kinini kinabaki kwa wakati artesunate haiko, na hutolewa na mtu anayejua.

Nilimtafuta kijana yule, tukazungumuza kwa upole. Alinijibu: "Dada, nimechoma watu mingi sana, hakuna hata moja alikuja kunilalamikia. Miye nilijifunza ku kazi."

Jibu lile lilinikaa moyoni. Hakusema uongo. Watu wa machimbo ni watu wa kuhama: leo wako huku, kesho dhahabu imesikika ngambo nyingine, wanakwenda. Mtoto wa mguu mubovu hakurudi kwake, alikuja kwangu. Jipu la sindano halikurudi kwake, lilipasuka katika kijiji kingine. Kwa hiyo kila sindano ilionekana kwake kuwa imefaulu. Kazi yake ilikuwa inamficha matokeo.

KITU GANI KINAWATOFAUTISHA?

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Watu husema tofauti ni shule. Lakini mama wetu hakufika mbali shuleni, na kijana yule alimaliza miaka kadhaa ya sekondari. Nimewaona pia wenye diploma wasiojua kugusa tumbo la mzazi. Tofauti iko katika mambo matatu.

La kwanza ni jicho la mwingine. Mama alikuwa na mzalishaji aliyemwambia, "Hapa umefanya vizuri, hapa rudia." Tena asubuhi alimkuta mgonjwa yuleyule kitandani, akaona kama amepona au amezidiwa. Kijana hakuwa na mtu wa kumtazama, wala hakuona mwisho wa kazi yake.

La pili ni mpaka. Mama alijua mahali pa kusimama: hakuchoma sindano usiku ule, alinikimbilia. Kujua wakati wa kuita mwingine ni sehemu kubwa ya ujuzi wetu. Kijana wa begi hakuwa na mpaka, kila ugonjwa ni wake.

La tatu ni karatasi. Hapa mama alipungukiwa. Elimu yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikaa katika kichwa chake na katika kichwa cha mzalishaji aliyestaafu. Mkubwa mpya hakuweza kuiona. Elimu isiyoandikwa inakufa au inafukuzwa.

Kazi ikiwa na mambo hayo matatu, ni shule. Ikikosa hata moja, mtu anaumia: ama mgonjwa, ama msaidizi mwenyewe.

KASONGO ILIKWISHA KUONYESHA NJIA

Vijana wengi wa leo hawajui kwamba jina la Kasongo yetu limeandikwa katika vitabu vya afya vya dunia. Mwaka 1971 ulianza hapa mradi wa serikali ya Zaire pamoja na Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Swali lao lilikuwa rahisi: daktari wako wachache, hospitali ni moja, watu wako vijijini, namna gani kila jamaa ipate matunzo mazuri?

Jibu lao halikuwa kungoja madaktari. Waliweka vituo vya afya karibu na watu, na katika kila kituo kikundi kidogo cha watumishi wasio madaktari. Lakini hawakuwaacha wajitafutie. Waliwapa maandishi ya hatua kwa hatua: mgonjwa akisema ana homa au kikohozi au kuhara, umuulize nini, umtazame wapi, umpe nini, na ukiona alama gani umtume hospitali. Mkubwa alitoka hospitali kwenda vituoni, akakaa na mtumishi wakati anapokea wagonjwa, wakatazama pamoja rejista na mafishi. Na wananchi wenyewe walikaa katika kamati ya kituo, wakasema yao.

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakatangaza afya ya msingi kwa watu wote. Kasongo ilikuwa imekwisha kufanya kazi hiyo kwa miaka 7. Mwaka 1984 kundi la Kasongo liliandika katika gazeti la Shirika la Afya Ulimwenguni kwamba afya ya msingi inawezekana kwa gharama isiyofika dola moja kwa mtu kwa mwaka. Mwaka 1988 Daktari Pangu Kaza Asila alitoa kitabu cha masomo yake ya juu, huko Bruxelles, juu ya kupanga na kuanzisha vituo vya afya katika zone ya Kasongo. Nchi nzima iligawanywa katika zone za afya 306 katika miaka ile ya 1980, na mafundisho ya Kasongo yalikuwa mojawapo ya misingi yake. Leo zone ni 519. Kwetu katika teritware mbili hizi ziko 6: Kasongo, Kunda na Samba upande mmoja, Kabambare, Lusangi na Saramabila upande mwingine.

Basi jicho na mpaka si mambo mageni yaliyoletwa jana. Yalikuwa hapa. Vita vya 1998 mpaka 2003 vilifunga barabara na kutawanya watumishi, na baada ya hapo machimbo ya pande za Kabambare hayakupata utulivu. Mkubwa asipoweza kufika kituoni, desturi ya kutazamana inakufa polepole, na begi linachukua nafasi yake.

KARATASI: WENGINE WALIFANYA NINI?

Mpaka hapa tumeona jicho na mpaka. Imebaki karatasi, yaani namna ya kumtambua mtu kwa yale aliyojifunza kazini. Nitatoa mifano mitatu: wa wazee wetu, wa majirani, na wa Wazungu.

Wakati wa Wabelgiji, tangu 1936, shule ya Léopoldville ilifundisha watu walioitwa "assistants médicaux". Hawakuwa na jina la daktari, lakini katika hospitali nyingi walifanya kazi kubwa, hata kupasua wagonjwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, madaktari wa nchi walikuwa karibu wote wageni, na wengi wakakimbia. Hapo Shirika la Afya Ulimwenguni likawatuma makumi ya wasaidizi wale Ufaransa. Hawakurudishwa mwanzo kama watoto wa shule. Masomo na kazi waliyokuwa nayo vilihesabiwa, wakamaliza udaktari kwa muda wa miaka 3 hivi. Kuanzia 1963 wakarudi, wakashika hospitali za nchi hii. Tazama: elimu ya kazini ilihesabiwa, lakini haikuachwa bila mtihani.

Kwa majirani, Kenya ilikuwa na maelfu ya wauguzi wenye cheti cha chini. Kuwaondoa wote kazini ili warudi shuleni kungefunga hospitali. Mwaka 2005 AMREF pamoja na baraza la wauguzi la Kenya walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta: muuguzi anabaki kazini kwake, anasoma masaa ya mapumziko, anafanya staji na mitihani, anapata diploma.

Na Uingereza? Hata huko wenye hospitali kubwa, wagonjwa wengi wanashikwa mkono na wasaidizi. Tangu 2001 wana digrii fupi ya msingi, ya miaka 2 kwa anayesoma siku zote, iliyotengenezwa kwa watu walio kazini. Msaidizi wa hospitali au wa nyumba ya wazee anasoma siku kadhaa, siku nyingine yuko kazini, na kazi ile inatazamwa na kupewa alama. Akimaliza anaweza kuendelea mpaka digrii kamili. Mwaka 2017 walianza kufundisha kwa miaka 2 watu wa katikati, walio juu ya msaidizi na chini ya muuguzi, na tangu Januari 2019 majina yao yanaandikwa katika rejista ya wauguzi. Mpaka wao umeandikwa wazi: wao si wauguzi, na hakuna anayeruhusiwa kujifanya.

Mifano hii mitatu ina neno moja: msaidizi si takataka ya kufagiliwa nje, wala si daktari wa bure. Ni mtu aliye kwenye ngazi.

TUFANYE NINI HAPA KWETU?

Mtu atasema, "Dada, hayo ni ya nchi zenye pesa. Sisi hata umeme hatuna." Ni kweli. Lakini jambo la kwanza halihitaji umeme. Linahitaji daftari la kurasa 48 na kalamu.

Katika daftari hilo, kila msaidizi wa kituo anaandikiwa kazi anazopaswa kujua. Kwa mfano:

– Kunawa mikono na kutengeneza maji ya klore kwa kipimo cha 0,5 kwa mia kwa kusafishia vyombo.

– Kupima joto, na kuhesabu pumzi ya mtoto kwa dakika nzima, saa ikiwa mkononi. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40 au zaidi, anapumua mbio: muuguzi aitwe.

– Kutambua alama za hatari za mtoto: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelala usingizi asioamka vizuri.

– Kumgeuza kila saa 2 mgonjwa asiyeweza kujigeuza, ili ngozi isitoboke vidonda.

– Kumtazama mama aliyezaa: damu, na tumbo kama limekaza.

Mbele ya kila kazi kuna nafasi tatu: ameonyeshwa, amefanya nikiwa karibu, amefanya peke yake vizuri. Muuguzi anaandika tarehe na kuweka sahihi. Ukurasa wa mwisho unaandikwa kwa herufi kubwa mambo asiyoruhusiwa: kuagiza dawa, kuchoma sindano bila amri, kuzalisha peke yake wakati muuguzi yuko, kuitwa "docteur".

Daftari hili si diploma, tusidanganyane. Diploma inatolewa na serikali. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliweka Chama cha Wauguzi cha taifa, na anayetaka kuitwa muuguzi lazima aandikwe humo kwa masomo yanayotambulika. Yeyote anayekuuzia cheti cha uuguzi cha miezi 3 anakula makuta yako. Lakini daftari lenye sahihi linafanya kitu kikubwa: mkubwa mpya akifika, hawezi kusema hajui huyu mama anajua nini. Atasoma. Tena siku serikali itakapofungua mlango wa kuhesabu elimu ya kazini, kama wasaidizi wa 1960 walivyofunguliwa, mwenye daftari atakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Na sisi wa makanisa, ambao shule nyingi na vituo vingi viko mikononi mwetu, tuwaombe wenye ITM na wenye ofisi za zone wafikiri njia hii: msaidizi asome wiki chache shuleni, arudi kituoni miezi, arudi tena shuleni, kazi yake ikitazamwa na kuhesabiwa. Mama wa watoto 5 hawezi kuacha nyumba miaka 4. Wiki chache anaweza.

MASWALI MAGUMU

Nimezungumuza mambo haya na wenzangu, nao hawakukubali yote. Maneno yao ni ya haki, nitayaleta hapa.

Wengine wanasema: "Vijana wetu wa A2 wamekaa nyumbani bila kazi. Kwa nini tuwainue wafagiaji?" Ninajibu: kazi ya muuguzi ibaki ya muuguzi. Msaidizi aliyefundishwa hamwondoi, anamwongezea mikono na macho usiku. Palipo na mgonjwa asiyegeuzwa, hakuna aliyenyang'anywa kazi. Kuna vidonda tu.

Wengine wanasema: "Mama wengi hawajui kusoma." Ni kweli, na hapo ndipo vikundi vya kusoma na kuandika katika parokia na jumuiya zetu vinaweza kusaidia kuliko ofisi yoyote. Asiyejua tarakimu hawezi kuhesabu pumzi. Aanzie hapo.

Swali la tatu ndilo linaloniuma zaidi: "Je, hii haitakuwa njia ya kuwatumikisha watu bure, kusema kila mwaka kwamba bado wanajifunza?" Hatari hiyo iko. Tumeona vijana wanafanya "staji" miaka 3 bila hata sabuni. Kwa hiyo daftari liwe na tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ile CODESA, ijue. Msaidizi aliyemaliza kazi zake zote aongezewe sehemu yake ya makuta ya kituo, hata kidogo. Kumwita mtu mwanafunzi milele ili usimlipe ni wizi, hata ukifanywa chini ya msalaba uliotundikwa ukutani.

KWENU VIJANA

Ninajua machimbo yanawavuta. Siku moja nzuri inaweza kukupa makuta ambayo muuguzi hapati kwa miezi. Ninajua pia begi la dawa linaonekana kazi safi kuliko chepeo. Kama unapenda kweli kazi ya wagonjwa, njia iko, ingawa ni ndefu: maliza masomo ya msingi mpaka mwaka wa 8, ingia ITM kwa miaka 4, ufanye mtihani wa serikali. Anayeweza aendelee ISTM. Kama nyumbani hakuna makuta, anza kama msaidizi katika kituo chenye muuguzi anayejua kufundisha, ununue daftari, uombe sahihi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe uliye na begi tayari: leta begi lako kituoni, tuzungumuze. Unajua mashimo yote, unajua nani amelala na homa. Unaweza kuwa relais, mtu wa kuleta habari na kuleta wagonjwa mapema, mbele ya damu kuisha. Kazi hiyo inaokoa watu, na hakuna mtoto atakayevuta mguu juu yake. Lakini sindano uiache.

Wazazi, siku mtu atakapowaambia "Nilijifunza ku kazi," msicheke na msiamini haraka. Mumuulize maswali matatu tu: Nani alikuwa anakutazama? Unasimama wapi? Nani ameandika? Akijibu yote matatu, mumheshimu, hata kama ameshika ufagio. Asipojibu, mumchukue mtoto mwende kituoni, hata kama usiku ni mrefu.

Maswali ya kuzungumuza katika jamaa na jumuiya:

1. Katika kituo chetu cha afya, wasaidizi ni nani? Tunayajua majina yao? Wanapata nini mwisho wa mwezi?

2. Mkubwa wa zone amefika kituoni kwetu lini mara ya mwisho, na CODESA yetu ilimwambia nini?

3. Katika jamaa yetu, nani hununua sindano kwa mtu wa begi, na kwa sababu gani? Tufanye nini ili kituo kiwe karibu zaidi?

4. Parokia au jumuiya yetu inaweza kumsaidia mama mmoja msaidizi ajue kusoma na kuhesabu mwaka huu? Nani atamfundisha, na siku gani?